Faidha Akisema, Maji Hutoka

Zabibu alikuwa akianika korosho uani kwake Mkunya, bintiye Faidha aliposema atagombea uenyekiti wa kijiji. Binti alikuwa ndiyo kwanza ametoka Masasi, kwenye semina ya wasichana na uongozi. Zabibu mwenyewe ndiye aliyemhimiza aende.

"Gombea," alimwambia. "Sisi tulinyamaza, na hatukupata kitu."

Jumapili Faidha alisimama kando ya bomba la kijiji kuomba kura. Bomba lilikuwa kavu tangu liwekwe, na wanawake waliendelea kuteremka bondeni kuchota maji kama mama zao. Aliposema, "Ndugu zangu, hakuna mwanamke hata mmoja aliyeelezwa mradi huu uliishia wapi," bomba likakohoa, maji yakatoka. Aliponyamaza, yakakatika.

Mwenyekiti Uwesu alitazama, akasema presha ya maji imepanda. Wanawake walikwenda kuchukua ndoo.

Tangu hapo Faidha akawa anahutubia asubuhi na jioni. Alieleza kwamba mikutano huitishwa saa ya kupika, na kwamba wasichana hutumwa kuwapikia chai wajumbe huku mambo yao yakipitishwa. Watu walipanga foleni vizuri. Akipumua kidogo, wa nyuma walimhimiza: "Endelea, mwanangu, ndoo bado nusu." Walimletea na asali ya koo. Hakuna aliyemuuliza swali, maana maji yalipiga kelele ndooni.

Uchaguzi ulipokaribia, Mama Huruma, jirani yake, alimkuta Zabibu shambani akiokota korosho.

"Mama Faidha, mtoto anasema vizuri. Lakini akishinda, si atakuwa mtu wa vikao wilayani Newala kila siku? Bombani atasema nani?"

Zabibu aliinamia korosho nyingine. Magoti yake yalikuwa yamepumzika na ile njia ya bondeni, na siku hizi alilala bila kuumwa.

Siku ya kura alikaa na karatasi muda mrefu, mpaka msimamizi akakohoa. Akamwekea tiki Uwesu.

Uwesu alishinda. Katika shukrani zake alimpongeza Faidha kwa moyo wa kujitolea, akatangaza saa zake za kusema bombani.

Jioni Faidha alikuwa akiosha vyombo. "Mama, wewe ulimpa nani?"

"Kura ni siri, mwanangu."

"Haya," Faidha alisema, akaendelea kusugua sufuria.

Kesho yake alifika bombani kwa wakati. Hakutaja mradi wala vikao. Alisoma jedwali la kuzidisha, kuanzia mbili, kwa sauti ile ile, na maji yakatoka kwa nguvu ile ile. Wanawake walikinga, wakaondoka wakipiga soga.

Ilipofika zamu ya Zabibu, Faidha alisema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Zabibu, akasubiri huenda ataongeza neno.

Faidha akaingia kwenye saba. Ndoo ilijaa, ikafurika, ikamlowesha miguu, na aliyekuwa nyuma akamwomba asogee.