Dawa Isiyoleta Usingizi

Tangu gogo lilipomwangukia Daimu, mwenzake wa kazi, kule Matogoro, Hironimus hakuweza kutulia. Walikuwa wakishusha magogo kwenye lori, na kamba ilifunguliwa na Hironimus mwenyewe kabla Daimu hajasogea. Daimu alikufa palepale. Habari ya kamba Hironimus hakumwambia mtu, hata mkewe Adela.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. Pale Mfaranyaki kulikuwa na duka jipya la dawa ambalo halikuuliza cheti cha daktari. Hironimus akanunua vidonge vya usingizi. Vilimtuliza, lakini siku moja akasinzia mbele ya msumeno wa umeme karakanani, na fundi mwenzake akauwahi mkono wake. Adela akampeleka hospitali.

Daktari Mathias alimsikiliza, akamwandikia dawa nyingine.

“Hii utafanya nayo kazi,” alisema. “Kimoja asubuhi, kimoja jioni, kila siku, uwe na hofu au usiwe nayo. Itachukua wiki mbili, tatu, pengine nne. Pombe uache. Na dozi ikihitaji kupanda, nitaipandisha mimi.”

Hironimus aliitikia. Lakini kila alipomeza alisubiri macho yawe mazito, na hayakuwa. Akajua moyoni kwamba amepewa dawa hafifu.

Siku ya kumi ya dawa hiyo ilikuwa arobaini ya Daimu. Asubuhi, Adela akiwa anavaa, Hironimus alihisi kifua kinabana na vidole vinakufa ganzi. Akamimina vidonge kiganjani, akameza sita kwa mpigo. Hawakufika msibani. Njiani nyumba zilianza kumzunguka, akatapika, akaanguka kando ya barabara. Adela na wapita njia wakamrudisha hospitali.

Alikaa kitandani hadi alasiri. Kizunguzungu kilipopungua, daktari alivuta kiti.

“Ulimeza vingapi?”

“Sita.”

“Na vile vya dukani?”

“Nilivitupa.”

“Afadhali. Ungechanganya, tungezungumza mengine. Kwa nini sita, mzee?”

“Havinilazi, daktari. Nikaona havifanyi kazi.”

Mathias alisogeza kiti karibu. “Kosa hilo ni langu pia. Nilikwambia utafanya nayo kazi, sikukwambia kwamba hutasikia kitu mara tu ukimeza. Hii haizimi hofu kama taa. Inaipunguza polepole, ukiimeza kwa mpango. Ukisahau kimoja, usilipize kwa viwili. Ukitaka kuacha, njoo kwanza.”

Kuanzia siku iliyofuata Adela ndiye aliyeshika kichupa. Wiki ya tatu haikuwa na jambo kubwa, isipokuwa Hironimus alimaliza sahani ya ugali bila kuinuka kwa wasiwasi. Ya tano, alimwomba mkewe amsindikize kwa Subira, mjane wa Daimu.

Subira aliwakaribisha mkekani. Hironimus alikataa chai.

“Shemeji, kamba niliifungua mimi,” alisema. “Sikutazama alipo.”

Adela alimgeukia. Subira alikunja ncha ya kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena.

“Nilikungoja kwenye arobaini,” alisema hatimaye. “Nilidhani unanikwepa.”

“Nilikuwa nakukwepa.”

Mama huyo alilia bila sauti, kwa muda mrefu. Kisha akamwomba amweleze yote, tangu yeye na Daimu walipotoka nyumbani asubuhi ile. Kifua cha Hironimus kilibana. Akaanza kueleza.