Nyayo Kavu Chini ya Shawa

Shawa ya umeme ilianza kuvuja Jumatatu. Kufika Jumatano mama mkwe alikuwa ameweka ndoo chini yake mara saba, na mara zote saba aliikuta imesogezwa ukutani, tupu, maji yakidondoka sakafuni.

Nyumba ile ilikuwa na watu watatu. Kulikuwa na mama mkwe. Kulikuwa na mwanawe, kinyozi, aliyenyoa watu katika chumba cha mbele kilichotazama barabara. Na kulikuwa na mkamwana, aliyeolewa humo mwaka uliopita, baada ya mke wa kwanza wa kinyozi kuteleza bafuni na kufa. Kinyozi alikuwa na wateja tangu asubuhi. Kwa hiyo mama mkwe hakuhitaji kupiga ramli.

"Ndoo haina miguu," alisema.

"Sijaigusa, mama."

"Sijasema umeigusa. Nimesema haina miguu."

Wakaenda kutazama pamoja. Maji yalikuwa yakitoka kwenye shingo ya shawa na kwenye vitundu vyake, yakirukia kila upande. Sakafu nzima ilikuwa imelowa, ila mahali pawili chini ya shawa palikuwa pakavu kabisa. Palikuwa na umbo la nyayo mbili. Kila tone lililoelekea hapo lilikatika hewani, kimo cha bega hivi, likateremka pembeni.

"Mtu anaoga hapa mchana," alisema mama mkwe. "Tena miguu mitupu."

Hilo la miguu mitupu ndilo lililomkera zaidi. Katika nyumba ile bafuni hapakuingiwa bila kandambili. Jozi tatu zilipangwa mlangoni, na koki ilifunguliwa kwa taulo lililokunjwa, kwa sababu shawa ilikuwa inatekenya. Ndivyo walivyosema, inatekenya. Mkamwana aliambiwa hivyo siku ya pili ya ndoa yake, na kinyozi alicheka akasema hata shawa imempenda.

Mama mkwe alichomoa njiti kwenye ufagio, akachuchumaa, akapima wayo mmoja kutoka kisigino hadi kidole gumba, akaivunja njiti hapo. Kisha akamgeukia mkamwana.

"Lete mguu."

Mkamwana akainua mguu. Njiti ilikuwa fupi kuliko mguu kwa upana wa vidole viwili. Mama mkwe aliugeuza mguu ule huku na huku kama anayenunua muhogo, akaurudisha chini. Hakuomba radhi. Aliitazama tena sakafu, mahali ambapo kidole kidogo cha wayo wa kushoto kilikuwa kimempanda jirani yake, akaifunga njiti kwenye pindo la kanga.

"Basi ni fundi," alisema. "Ile siku alipokuja kutazama bomba la jikoni, alichokonoa na huku. Mtu akikosa kazi huitengeneza."

Fundi bomba alifika Alhamisi baada ya chai, na spana mbili na begi lililokatika mkanda. Mama mkwe aliweka kigoda mlangoni mwa bafu ili amtazame mikono. Fundi alisimama, akabisha.

"Hodi humo."

"Hamna mtu," alisema mama mkwe.

"Nimezoea tu, mama. Bafu ni bafu."

Alifunga koki kuu. Akaifungua shawa kwa spana, akatoa washa ya mpira iliyochoka, akakata nyingine kwenye mpira wa kandambili kuukuu aliyokuja nayo begini, akazungusha tepu nyeupe kwenye nyuzi za bomba, akakaza. Kila hatua mama mkwe aliuliza ni ya nini, na kila hatua fundi alijibu. Alipomaliza, shawa ilikuwa ikivuja vilevile.

Fundi akatoka kwenda kufunga tangi. Akarudi, akalifungua bomba kabisa, shawa ikabaki inaning'inia kwa nyaya zake za umeme tu, haijaunganishwa na maji yoyote. Maji yaliendelea kudondoka. Aliweka kidole.

"Ya moto," alisema. "Na swichi nimezima mwenyewe."

Akazitazama zile nyayo kwa muda, kisha akafuta mikono kwenye suruali.

"Mama, hii haina kosa. Haiwezi kufunga kwa sababu mtu hajamaliza kuoga."

Mama mkwe alifungua pindo la kanga, akatoa njiti.

"Ni mwenzio," alimwambia mkamwana. "Viatu vyake vya harusi nilivinunua mimi, kwa njiti kama hii. Kidole hicho kilitusumbua maduka matatu."

Mkamwana aliinama karibu zaidi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mara nyingi akiulizwa jambo hutazama vidole vyake kwanza. Safari hii alitazama vya mwenzake.

"Mama, si mlisema aliteleza?"

"Aliteleza."

"Huyu amesimama vizuri. Hajaburura hata kisigino."

Mama mkwe alisema kwamba maharage yataungua, akaenda jikoni. Siku hiyo hawakupika maharage.

Fundi alikuwa ameshaanza kufungua kifuniko cha shawa, maana alisema kama maji hayana kosa ni heri atazame umeme kabla hajaondoka. Ndani mlikuwa na nyaya mbili zilizofungwa kwenye skrubu zake. Waya wa tatu, wa kijani, ulikuwa umekatwa, na ncha yake imefungwa tepu nyeusi.

"Huu ungetakiwa uwe wapi?" aliuliza mkamwana.

"Hapa. Hita ikichakaa inavujisha umeme kwenye maji. Huu wa kijani unaukamata ule umeme na kuupeleka ardhini, na swichi kuu inajizima. Ukikatwa, swichi haijui kitu. Umeme unabaki humo unamngoja mtu."

"Ndiyo maana inatekenya?"

"Mwenye kandambili inamtekenya, dada."

Mkamwana alikuwa akiitazama ile tepu nyeusi. Ilizungushwa mara tatu, na mwisho wake ulikunjwa ukawa ulimi mdogo, wa kushikwa na kucha siku ya kuifungua.

"Wewe fundi, ukifunga tepu unamalizaje?"

"Naikata kwa meno, nabandika." Akamwonyesha. Haikuwa na ulimi.

Mkamwana akaenda jikoni, akampa mama mkwe tepu ya fundi afunge mpini wa kisu uliolegea. Mama mkwe alimtazama kwa jicho la pembeni, akafunga, akabandika mwisho kwa kidole gumba. Haikuwa na ulimi. Ndipo akapita hadi chumba cha mbele.

Kinyozi alikuwa na mtu kitini na wawili kwenye benchi. Alikuwa akiwaambia mzaha wake wa kila siku, kwamba akili ni nywele, na yeye kila jioni anafagia akili za mtaa mzima. Watu walicheka. Waya wa mashine yake ya kunyolea ulikuwa umefungwa tepu nyeusi mahali pawili. Kulikuwa na ulimi mmoja karibu na mashine, na ulimi mwingine karibu na plagi.

"Bado yule fundi?" aliuliza kinyozi.

"Bado. Ameukuta waya wa kijani umekatwa."

Mashine iliendelea kunguruma juu ya sikio la mteja.

"Ule ulikuwa unazima umeme," alisema kinyozi. "Mtu akioga tu, swichi chini. Mtu ana nusu kichwa hapa, mashine imekufa. Mmoja aliondoka hivyohivyo kwenda kwenye posa yake."

Walio kwenye benchi walicheka tena.

"Uliukata lini?"

"Zamani."

"Kabla ya mwenzangu kuteleza, au baada?"

Kinyozi alizima mashine, akaipuliza, akaiwasha.

"Wewe umeanza lini kuuliza maswali kama karani?" alisema, na sauti yake haikuwa na ubaya. "Mwambie fundi nakuja."

Alikuja akiwa na kitambaa chenye nywele begani. Aliziona zile nyayo, akazitambua mara moja, maana aliwahi kuishi nazo miaka minne. Alisimama akifikiri, kama mtu aliyeona kiti kimekaa vibaya.

"Hana kandambili," alisema.

"Hana," alisema fundi.

"Basi tatizo ndilo hilo."

Akaichukua njiti mkononi mwa mama yake, aliyekuwa amerudi kwenye kigoda chake, akamtuma nayo mmoja wa waliokuwa kwenye benchi dukani. Zikaja kandambili za buluu, mpya, zimeunganishwa kwa kamba ya plastiki. Kinyozi aliikata kamba, akazipanga juu ya nyayo, kushoto kushoto, kulia kulia. Zilienea sawasawa. Mikanda yake ilijikaza kidogo, kama inavyojikaza mtu anapoingiza mguu. Shawa ikatoa matone matatu zaidi, ikanyamaza.

"Mnaona?" alisema kinyozi. "Alitaka kandambili tu. Si angesema."

Fundi akarudisha bomba, akafungua tangi. Hakuna kilichovuja. Kisha akaushika ule waya wa kijani kwa vidole viwili.

"Na huu niuunge? Ila hita hii mbovu, swichi itakuwa inaruka mpaka mnunue mpya."

"Uache."

"Kaka, huu..."

"Fundi, nina watu vitini."

Fundi alimtazama mama mkwe, naye akatazama ukuta. Akamtazama mkamwana.

"Uunge," alisema mkamwana.

Ilikuwa mara ya kwanza kutoa amri katika nyumba ile, na ilitoka ndogo, kama ya mtu anayeomba chumvi. Kinyozi hakuisikia, au aliisikia. Alikuwa ameshafika ukumbini. Fundi akauacha waya ulivyokuwa, akarudisha kifuniko, akakaza skrubu nne, moja baada ya nyingine, bila kuinua macho.

Tangu siku hiyo mkamwana aliogea uani, nyuma ya ukuta mfupi wa kufulia, kwa ndoo na kata. Mama mkwe hakulipenda jambo hilo. Mtu mwenye shawa ya moto ndani, akaoga maji baridi nje, lazima ana anachoficha. Alichungulia dirishani siku ya kwanza, siku ya pili akakagua sabuni, siku ya tatu akamwambia mwanawe amwangalie mke wake vizuri.

"Anaoga tu, mama," alisema kinyozi.

"Hata mwenzake alikuwa anaoga tu," alisema mama mkwe.

Asubuhi ya nne mkamwana alikuta kandambili za buluu uani, kando ya ndoo yake, zimelowa, zimepangwa sawasawa. Alizitazama. Kisha akarudi bombani, akajaza ndoo ya pili, akaiweka mbele ya zile kandambili, na kata juu.

Mama mkwe akatokea mlangoni.

"Ndoo mbili za nini? Unaoga na nani?"

"Na mwenzangu."

Mama mkwe alizitazama zile kandambili. Ile ya kushoto ilikuwa imetanuka kidogo upande wa nje, mahali pa kidole kidogo. Akafikiri.

"Sabuni ni ile moja," alisema. "Gawaneni."

Akaingia ndani. Kinyozi alikuwa anaoga wakati huo, kwa maji ya moto, kandambili miguuni na taulo kwenye koki, akiimba. Katika chumba cha mbele mteja wa kwanza alikuwa ameshakaa kitini. Umeme haukukatika.