Kivuli cha Mpiga Pasi

Pasi zilikuwa zimeshapata moto na foleni ya wateja imefika mlangoni, kivuli cha mpiga pasi kilipokaa chini. Mwenyewe alikuwa bado amesimama, ananyoosha kola ya shati. Msimamizi akakitazama.

"Mwambie mwenzako asimame. Wateja wanaona."

"Nimemwambia. Hasikii."

Alikuwa amekonda, huyu dada. Fizi na vifundo vya vidole vimekuwa vyeusi kuliko mwili wake mwingine, na kila akiinuka kichwa kinamzunguka. Chumvi aliilamba kiganjani kama peremende.

"Wifi, tukufunge kamba tukupeleke malishoni?" dada wa mumewe alimtania, naye akacheka huku analamba.

Siku moja alianguka juu ya meza ya pasi. Shati la mteja liliungua, na hilo ndilo lililosikitikiwa.

Daktari alieleza kwamba tezi zilizo juu ya figo zake zimelala. Vidonge kila siku, maisha yote. Akipata homa, dozi iongezwe mara mbili. Akitapika, sindano haraka. Kuacha, hapana. Alipoanza kumeza, kivuli kilisimama wima, hata kikanenepa kidogo.

Kisha homa ikaja. Mama mkwe, ambaye huruma yake ilizidi masikio yake, akampa dawa ya homa na kuvichukua vile vidonge.

"Dawa mbili tumboni ni wake wenza, mwanangu. Homa itoke kwanza."

Mume akamwachia, maana mama ni mama.

Kufikia adhuhuri mgonjwa alikuwa anatapika, mwili baridi, maneno yanampotea. Kivuli kilimchungulia usoni, kikajibandua kitandani, kikatoka. Zahanati kilipanga foleni kama watu. Mzee mmoja alilalamika kwamba kimemkanyaga.

"Mwenyewe yuko wapi?" nesi akakiuliza. Kikatangulia kumwonyesha njia.

Nesi alichoma sindano, akatundika dripu, akakaa mpaka macho ya mgonjwa yakarudi.

"Mama, homa ikija tunaongeza, hatuondoi. Huyu alikuwa anakufa."

"Nimesikia, mwanangu," akasema mama mkwe, akamfungulia mlango.

Kesho yake mgonjwa aliomba chai. Mama mkwe akawatangazia majirani kwamba kupumzisha dawa ndiko kulikomponya. Vidonge akavifungia sandukuni mwake, ufunguo akauvaa shingoni. Atakuwa anampa yeye, akiona inafaa.

Kivuli hakikubishana. Ila siku hizi hakilali tena kando ya mwenyewe. Hulala mlangoni, viatu miguuni.