Fomu Haina Kamba

Ngo, ngo, ngo.

"Ingia," alisema Sista Eufrasia bila kuinua uso. Mlango ulikuwa wazi tangu asubuhi. Aliyeingia alikuwa Honorata, mkimbizi Mrundi kutoka Rumonge, mjamzito wa miezi tisa. Aliyebisha alikuwa tumboni mwake.

Ilikuwa mwaka 1996, katika zahanati ya maturubai ufukweni, kusini mwa Ujiji. Sista alikuwa anakula samaki, mgebuka wa kukaanga kwa mawese. Alichomoa mwiba menoni, akafuta kidole kwenye fomu.

"Homa?"

"Ndiyo."

"Unatapika?"

"Ndiyo."

"Mtoto anacheza vizuri?"

"Ndiyo."

Kati ya Rumonge na mtumbwi palikuwa na vizuizi vitatu, na waliowajibu askari hapana hawakulifikia ziwa. Tangu hapo, akiulizwa na mtu mwenye sare, Honorata alikuwa na jibu moja tu. Sista aliweka alama za vema kumi na mbili bila kumgusa.

Ngo, ngo.

"Mwambie atulie, naandika."

Feliksi, Muha wa Simbo aliyekuwa anafagia, aliegemeza fagio lake akachuchumaa mbele ya tumbo. Akauliza kwa Kiha, lugha isiyompa Mrundi taabu: "Kuna nini humo ndani? Kimeanza lini?"

"Kamba ya kitovu imenizunguka shingoni," mtoto akajibu. "Tangu juzi. Sasa inakaza."

Feliksi akasimama. "Sista, mtoto anasema kamba inamkaba. Gari limpeleke mama hospitali."

"Gari linaondoka kwa fomu, na fomu inasema mtoto anacheza. Mama mwenyewe kasema ndiyo."

"Hukumuuliza anaumwa nini."

"Feliksi, wewe umesomea fagio. Fomu haina kamba."

Bibi mmoja kwenye benchi alicheka puani. "Mtoto wa binti yangu naye alisema hivyohivyo. Akapewa Panadol."

Honorata naye alipewa, vidonge sita. Kufika adhuhuri mtoto alikuwa anabisha mara mojamoja. Saa kumi alasiri alizaliwa amekufa, kamba shingoni mizunguko miwili.

Walimzika nyuma ya mahema. Kubisha kuliendelea chini ya mchanga. Wateka maji hupita hapo bila kusimama, maana upande ule hodi ni nyingi.

Mwezi uliofuata alikuja mkaguzi, akakuta hakuna swali hata moja lililoachwa wazi. Akampeleka Eufrasia mjini Kigoma, awafundishe manesi wenzake namna ya kuzungumza na wagonjwa. Sista alirudi na cheti, akakibandika ukutani kwa vidole vyenye mawese, kisha akaita anayefuata.

"Homa?"

"Ndiyo."

Nyuma ya mahema, Honorata alikuwa ameketi mchangani, kiganja chake kimelala juu ya kaburi.

Ngo, ngo.

"Nipo, mwanangu," akasema. "Mdogo wako akija, nitamsemea kabla sijaulizwa."