Mwanamke wa Mangeni

Busia nzima ilimjua mwanamke wa Mangeni, yaani yule wa ukutani. Kila saluni aliyoichora Mangeni ilipata mwanamke yule yule: shingo ndefu, kidoti juu ya nyusi, tabasamu la mtu asiyejua foleni ni nini. Mkewe, Taaka, muuza samaki sokoni, hakujali. Alijua ni alama tu kwamba humo ndani nywele zinasukwa, kama ng'ombe wa rangi pale buchani.

Hadi siku aliyokwenda Tororo kununua vitunguu, akamkuta mwanamke wa ukutani anauza mandazi, mzima wa afya, na kidoti chake.

"Dada, unaitwa nani?"

"Mimi Phiona. Wewe kwa nini naangalia mimi hivi?"

Taaka alisahau vitunguu. Alirudi nyumbani na wivu wake, akijiuliza kama miaka yote hiyo ameishi na mtu ambaye moyo wake uko Tororo.

"Baba Eriku, Phiona ni nani?"

Brashi ilimponyoka Mangeni. "Huyo ni wa zamani, kabla yako. Lakini pale ukutani si yeye, Mama Eriku. Ile ni picha tu. Mwanamke yeyote."

"Yeyote ana kidoti?"

Mangeni akajitia kutafuta brashi.

"Basi kesho, kwenye saluni ya Barbara, nichore mimi."

Kutwa nzima Taaka aliuza samaki bila roho kutulia. Aliogopa kukuta kidoti kile kwenye uso wake mwenyewe. Jioni akaenda.

Kidoti hakikuwepo. Alikuwepo Taaka, mdomo wazi katikati ya kubishania bei, kitambaa kimekwenda upande, gamba la samaki shavuni, na pengo la jino alilong'oa mwaka jana akaapa hakuna aliyeliona.

Barbara, mwenye saluni, alikuwa amejishika kichwa. "Mangeni, mimi nafungua saluni, si polisi! Hii sura nafukuza wateja. Futa!"

"Lakini ndivyo alivyo," alisema Mangeni, akijikuna shingo.

Furaha ilimjaa Taaka mpaka machozi yakamtoka. Kumbe huyu mtu alikuwa anamtazama! Akajipangusa, akatua beseni la samaki, akasimama akiupa ukuta mgongo.

"Haya, Barbara," alisema. "Njoo unifute."