Kidirisha cha Masizi

Zdravko alishuka kwenye basi litokalo mlima Malyovitsa na theluji bado imemganda kwenye nyusi, na kabla hajafika mlangoni pa jengo lao aliona kwamba kidirisha cha Masizi kimezibwa.

Kilikuwa tundu tu, chini kabisa ya ukuta, upana wa kitabu kilichofunuliwa, la kuingizia hewa kwenye vyumba vya chini ambako kila familia ya jengo iliweka viazi, kuni na pipa lake la kabichi ya chumvi. Hapo ndipo Masizi, paka mweusi asiye na mwenyewe, alipokuwa akiingia na kutoka tangu majani yalipoanza kupukutika. Sasa tundu lilikuwa limejaa lile povu la njano la mafundi, linalotoka laini kama maziwa yanayofurika kisha kukauka na kuwa jiwe.

Nevyana, mwenzake anayeishi naye, alikuwa ameshapiga magoti kwenye theluji, begi likiwa bado mgongoni, anaita chini ya magari yaliyoegeshwa. Hakuna kilichoitika.

Kila mwisho wa juma wa majira ya baridi wawili hawa walipanda mlimani, wakalala kwenye nyumba ya wapandaji na kurudi Jumapili miguu ikiwauma. Na kila waliposafiri, ukifungua picha zao ungedhani miji ile haina watu: paka juu ya mapipa ya taka ya Thesaloniki, paka kwenye vizingiti vya makanisa ya Ohrid, paka kwenye mitumbwi ya Bahari Nyeusi. Waliwapiga picha, wakawaachia vipande vya soseji, wakaondoka. Masizi peke yake hawakuondoka wakamwacha. Mwenye nyumba wao hakutaka mnyama ndani, kwa hiyo walimlishia kule chini, na kule chini palikuwa na bomba la maji ya moto la kulala kando yake. Bila bomba hilo, usiku wa mji wao wa Samokov mwezi Desemba humuua paka kimyakimya.

"Atakuwa ni Pencho," Nevyana alisema.

Zdravko alikuwa ameshafika ngazini. Alipanda na buti zake, hasira imemziba hata pua, akaacha bonge la theluji kwenye kila kidato kilichodekiwa, akagonga kwa ngumi mlango wa msimamizi wa jengo. Pencho alifungua akiwa na ndara, leso ya kulia chakula imechomekwa shingoni.

"Mzee Pencho, fungua kile kidirisha."

"Salamu yako nimeipokea," alisema Pencho. "Na sisi hatujambo."

Akaeleza, bila haraka, kama mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo kwa wengi. Ngazi nzima inanuka. Mama Stanka wa chini hajafungua mlango wake tangu Alhamisi isipokuwa kwenda dukani. Paka kakojoa kule chini hadi hewa imekuwa kali, na watu wana chakula chao mle. Wamekubaliana wote. Jana asubuhi alimtoa kwa ufagio, akahakikisha hakuna mwingine, akaziba.

Ndipo Zdravko akawaka. Alimwambia kuna watu wanaobusu sanamu za watakatifu asubuhi na kutupa viumbe kwenye barafu kabla ya chakula cha mchana. Alimkumbusha nani aliyewamaliza panya waliokuwa wanakula maharage ya Pencho huyuhuyu, ni ufagio au ni paka. Alimwambia roho yake imezibwa kwa povu lilelile. Milango ilianza kufunguka, majirani wakatoka na ndara zao kuja kufaidi. Hasira ya Zdravko ilikuwa na kipaji: maneno yalimjia yamejipanga bega kwa bega, yana mizani, na alipojisikia akisema alijipenda kidogo.

Pencho alingoja mpaka pumzi imwishie.

"Umemaliza, kijana? Haya, shuka ukanuse mwenyewe. Ukitoka kule bila kushika pua, kidirisha nitakibomoa kwa meno."

Walishuka, nusu ya jengo ikiwafuata. Kwenye kidato cha mwisho harufu iliwapiga usoni, nzito, ya kuoza, ya kukwama kooni. Zdravko aliapa moyoni kwamba hata akizimia hatashika pua. Lakini Nevyana alisimama katikati ya ujia, akageuza kichwa polepole, kisha akamshika mkono.

"Zdravko. Huo si mkojo wa paka."

Alitoa ufunguo akafungua chumba chao wenyewe. Pipa lilikuwa palepale kwenye kona. Aliponyanyua kifuniko, utando mweupe ulikuwa umetanda juu kama ngozi, na kabichi chini yake zimelegea, zinateleza, zimekuwa za rangi ya udongo. Kila mtu aliyezaliwa kule anajua jambo hili kama anavyojua kupenga kamasi: kabichi ikishatiwa chumvi, kila baada ya siku chache unafungua koki ya chini, unatoa maji, unayamimina tena juu, la sivyo inaoza. Tangu walipotia chumvi hawakuwa wamekaa nyumbani mwisho wa juma hata mmoja.

"Nilijua unayageuza wewe," alisema Zdravko.

"Mimi? Uliniambia asubuhi ile tunakwenda mlima Musala, niache, utashuka wewe."

"Nilisema nitashuka kuchukua viazi."

Mama Stanka alichungulia kwa nyuma, kitambaa kimebanwa puani. "Masikini Masizi," alisema, "ana kibofu kikubwa. Kajaza pipa zima, akarudishia na kifuniko."

Walicheka. Ujia mzima ulicheka, na Zdravko akahisi masikio yake yanaungua. Kilichomchoma zaidi ni kwamba bado alikuwa na haki. Mnyama hatupwi nje kwenye baridi ile, awe amekojoa au hajakojoa. Alikuwa na haki, na haki yake ilikuwa inanuka. Afadhali angepigwa makofi.

"Sasa fungua," alimwambia Pencho.

"Nitafungua. Ila kwanza sema mbele ya watu ni nani aliyetunukishia jengo. Mimi nimeambiwa roho yangu ina povu, na wameisikia hadi ghorofa ya juu. Na hili walisikie."

Zdravko angeweza kubishana hadi kesho. Alimtazama Nevyana, akitegemea atamtetea, naye alikuwa anatazama povu la njano upande wa ndani wa ukuta, macho makavu.

"Paka yuko nje tangu jana," alisema. "Sema tu, kwani utakufa?"

"Ni mimi," Zdravko alisema, sauti ikitoka kama jiwe. "Ni pipa letu. Nimelisahau. Basi, lete patasi. Lakini uliyemtoa kwa ufagio ni wewe, Mzee Pencho. Hilo ni lako, usilifiche ndani ya kabichi yangu."

Hakuna aliyecheka safari hii. Pencho alivuta leso shingoni, akaikunja, akaenda kuleta patasi.

Alibomoa mwenyewe, kutokea nje, huku Zdravko akibeba kabichi kwa ndoo hadi kwenye mapipa ya taka, maji ya uozo yakimruka suruali na mikono. Nevyana alizunguka jengo akiita, na ngozi ya soseji mkononi. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mlima Masizi alipotokea, kutoka kwenye rundo la nje la kuni za Mama Stanka: anatembea kwa miguu migumu, sharubu zimeganda, ncha ya sikio moja imekuwa nyeupe.

Zdravko alitua ndoo, akachuchumaa, akanyoosha mikono yote miwili.

Masizi alisogea, akanusa vidole. Akarudi nyuma mdomo wazi, akamfyonya kwa ile sauti ya paka iliyojaa meno. Kisha akampitia pembeni, akafika kwa Pencho aliyekuwa amesimama na patasi, akajisugua mara moja kwenye ndara zake, akazama tunduni.

Pencho aliziangalia ndara. Kisha akamtazama Zdravko mikononi, na kwa Zdravko hilo lilikuwa baya kuliko yote aliyoambiwa siku ile.

"Usicheke," alimwambia Nevyana.

"Nani anacheka?" alijibu Nevyana, na kweli hakuwa anacheka. "Kuna nusu pipa bado."

Zdravko aliokota ndoo, akashuka tena, akikanyaga kila kidato kana kwamba kimemtukana.