Jua la Uwanja wa Ndege

Ramani ya Ijumaa hiyo ya Julai haikuwa na utata wowote. Upepo wa mashariki ulikuwa umekaza, unasukuma unyevu kutoka mbugani, na mawingu yalikuwa yamejazana nyuma ya milima yakingoja kumwagikia Bogotá. Nohora Cifuentes, mtabiri wa hali ya hewa wa runinga, aliisoma akaelewa kila kitu. Kesho magharibi mwa mji, kwenye uwanja wa ndege, jua litawaka na vumbi litaruka. Mashariki, kwenye mitaa iliyopanda mlimani, mvua itaanza mchana na haitaona haya.

Kuelewa hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kumwelewesha Ferney, mhariri wa taarifa ya habari, mtu ambaye akichungulia dirishani akaona jua, huamini dunia nzima inaota jua hilohilo.

"Niwekee alama mbili," Nohora alimwomba. "Jua huku, mvua huku."

"Cali ina alama moja. Medellín ina alama moja. Mji mkuu nao una alama moja."

"Ferney, mji huu ni mkubwa! Mtu anaanika nguo kule, mwenzake huku anakinga maji kwa ndoo."

"Kwenye ramani ni nukta, dada yangu. Nukta haina mashariki wala magharibi. Kipimo cha mji kiko uwanja wa ndege. Uwanja wa ndege unasemaje?"

"Jua."

"Basi jua. Na utabasamu, tafadhali. Jana ulitangaza kama unatangaza msiba."

Hewani alikuwa na nafasi ya kuchomekea neno moja tu, kwamba milimani kutanyesha. Alikuwa nalo mdomoni. Lakini wiki iliyopita alichomekea neno kama hilo, Ferney akamsema mbele ya watu wa kamera mpaka masikio yakamwaka moto, na leo hakuwa na nguvu za kusemwa tena. "Bogotá, Jumamosi ya jua," akasema, akatabasamu, na akalichukia tabasamu hilo kabla halijaisha.

Hata poda hajaifuta usoni, simu ikalia. Alikuwa Edilson, mdogo wake, fundi ujenzi, na nyuma yake nyundo zilikuwa zikigonga.

"Dada, umetuokoa! Kesho tunamwaga zege."

"Zege gani? Si mlisema mwezi ujao?"

"Tulisema tukipata siku ya jua. Mama kakusikia kwenye runinga, kasimama katikati ya njia anatangaza kama yeye ndiye kituo. Majirani wote wanakuja. Mabati tumeanza kung'oa."

Nohora alitafuta kiti akakaa. Nyumba ya mama yao ilikuwa juu kabisa, njia ya mwisho kabla ya msitu, upande uleule wa mashariki. Kwa miaka mama alikusanya saruji na nondo kidogo kidogo ili apandishe ghorofa, apate chumba cha Edilson na mkewe, ambao walilala sebuleni nyuma ya pazia. Huko mlimani zege la nyumba humwagwa na mtaa mzima kwa siku moja. Watu hupanga mstari, ndoo zikapita mkono kwa mkono, mwenye nyumba akapika, na hakuna kusimama mpaka pajae pote, maana zege la leo halishikani vizuri na la kesho. Mvua ikilikuta bichi, huondoka na saruji ikaacha kokoto.

"Edilson, nisikilize. Rudisha mabati. Kesho inanyesha."

Edilson akacheka.

"Si wewe uliyesema jua sasa hivi? Au yule ni pacha wako?"

"Lile ni jua la uwanja wa ndege!"

"Kwani sisi tunaishi uwanja wa ndege?"

"Ndicho ninachokwambia!"

"Dada, amua moja. Nchi nzima unaiambia hivi, ndugu zako unatuambia vile. Tushike lipi?"

"Nipe mama."

Mama, Bi Rosalba, hakutaka maneno marefu. "Kuku wanachinjwa, mwanangu. Njoo ule," akasema, akakata simu.

Ameshapeleka mayai yake, Nohora alijiambia kwa hasira, ndiyo maana hasikii. Maana mama hakuwahi kuziamini ramani za bintiye hata siku moja. Akiwa na shughuli yoyote, ubatizo au harusi, aliwapelekea masista wa Mtakatifu Klara kapu la mayai ili wamwombee jua, kama wafanyavyo wengi mjini hapo. Jua likitoka humpigia Nohora kumcheka: "Mashine zako zilisemaje? Mayai yangu yalisema jua." Nohora aliyachukia mayai hayo kuliko alivyomchukia Ferney.

Jumamosi asubuhi alipanda mlima na mwavuli wake, na mbingu, kwa ukorofi tu, ilikuwa ya buluu tupu.

"Jamani, mama mvua kaja!" alipiga kelele Mzee Arquímedes, jirani wa ng'ambo ya njia, akiwa na koleo begani. "Na mwavuli juu!"

"Mzee, angalia mwenyewe." Nohora alimwonyesha picha ya mawingu kwenye simu. "Hili lote liko nyuma ya mlima."

"Hiyo picha ya wapi?"

"Ya hapa."

"Hapa mbona kweupe? Simu yako inaumwa, binti."

Mstari mzima ukacheka. Alimshika Edilson mkono, akamsihi, akamtajia upepo na unyevu, akamwomba angoje hata siku moja. Edilson alimtazama kwa huruma, jambo lililomuudhi zaidi, akawasha mashine ya kuchanganyia zege, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kumsikia mtu. Nohora aliutupa mwavuli pembeni akaingia kwenye mstari. Alipokea ndoo, akatoa ndoo, na kila alipogeuka aliutazama mlima.

Nusu ya paa ilikuwa imejaa zege, wingu lilipovuka mgongo wa mlima na kuteremka. Kwanza yalikuwa manyunyu, watu wakaongeza mwendo. Kisha ikaja mvua yenyewe. Turubai halikutosha, na lilipotosha upepo ulilinyanyua. Edilson alipiga magoti juu ya zege akilifunika kwa mifuko mitupu ya saruji, na maji ya kijivu yakampita chini ya mikono, yakashuka ukutani, yakaingia kwenye vitanda. Mzee Arquímedes alisimama na koleo lake, mdomo wazi. Hakuna aliyemtania Nohora. Angetamani wamtanie.

Aliingia jikoni, mahali pekee palipobaki na bati, akiwa amelowa na ana hasira ya siku mbili. Mama alikuwa amesimama jikoni hapo, mgongo kwake, akikoroga maji moto ya sukari guru kwa ajili ya wafanyakazi.

"Niliwaambia!" Nohora alifoka. "Nimesema kwenye simu, nimekuja mpaka hapa, nimewabembeleza mbele ya watu wananicheka! Haya, mayai yako yamesaidia nini?"

Bi Rosalba aligeuka. Alielekeza kwa midomo kwenye rafu. Kapu lilikuwa pale, limejaa, limefunikwa kitambaa safi, na tone la maji lilikuwa likidondokea katikati yake.

"Sikuyapeleka," mama alisema. "Jana nilishavaa viatu niende, ukatokea wewe kwenye runinga. Nikavua viatu. Nikasema, mwanangu kasoma, mwanangu ndiye anayejua. Safari hii nitamwamini yeye."

Nohora alifungua mdomo amweleze habari za uwanja wa ndege, za nukta na alama moja. Mama alilishusha kapu, akaweka kikaango motoni, akaanza kuyavunja mayai, moja baada ya jingine, maana watu walikuwa na njaa.